Chenja ya Kinyerezi

Tabata Kimanga yote ilimjua Madam Eufrazia kwa mwendo wake. Alitembea shingo imenyooka, mkoba kwapani, hatua za kuhesabu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai na hana haraka ya kufika. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwalimu wa hisabati wa darasa la sita, mwenyekiti wa jumuiya, mjane wa marehemu Gregori kwa mwaka wa saba, na mama wa binti mmoja tu, Jesca. Watu wa namna hii wapo kila mtaa. Wakipita, vijana wa kijiweni wanapunguza redio. Wakiingia msibani, wanapewa kiti chenye mgongo. Kuheshimiwa wanaheshimiwa sana, ila hakuna anayewauliza kama wanafurahi, na wao wenyewe wakijiuliza huwa ni wakati wa kufua, jibu linaondoka na povu.

Sasa mtu huyo ndiye aliyekuja kuonekana barabarani asubuhi ya Jumamosi, amevaa fulana ya njano na raba, anakimbia. Waliomwona mara ya kwanza walidhani anafukuzwa na mbwa.

Mambo yalianzia hospitali. Presha yake ilikuwa imepanda, na daktari, msichana mdogo ambaye angeweza kabisa kuwa mwanafunzi wake wa zamani, alimwambia awe anatembea.

"Mbona natembea, mwanangu. Nyumbani mpaka shule, shule mpaka nyumbani."

"Utembee mpaka utoke jasho, mama."

Alirudi nyumbani amenuna. Jirani yake Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa anayeuza mchele wa Kyela pale njia panda, alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akaweka kopo la kupimia chini. "Jasho tu? Mwenzangu, mie najua linakopatikana. Jumamosi saa kumi na moja na nusu nakupitia."

Tusajigwe alikuwa katibu wa Amkeni Jogging, kikundi cha watu kama arobaini hivi wanaokimbia kila Jumamosi na sare zao za njano. Humo mna mafundi, wauza genge, mawakala wa simu, mstaafu mmoja wa reli, na wanawake wa umri wote. Mbele yao hukimbia Gaspar, fundi wa kuchomelea mageti, na filimbi yake. Gaspar ndiye mpiga chenja. Chenja ni zile nyimbo za mchakamchaka za jeshini: mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia kwa kishindo cha miguu, na mtu anayeitikia vizuri hasikii tena kwamba magoti yanamuuma.

Wiki ya kwanza Eufrazia alikimbia mita mia mbili akashika nguzo ya umeme. Wiki ya pili alifika kwenye duka la dawa. Wiki ya tatu alikuwa mkiani na yule mstaafu wa reli, wote wawili wanahema kama mabasi ya zamani yakipanda mlima, na alishaamua moyoni kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Ndipo Gaspar, huko mbele, akaanzisha chenja moja ya baba mkwe, akaiharibu mstari wa pili.

Mwalimu ni mwalimu hata akiwa anakata roho. "Siyo hivyo!" Eufrazia alipaza sauti toka mkiani. Kundi zima likageuka. Na kabla hajajizuia, kifua chake kikafunguka.

"Baba mkwe, amka!"

"Amka!" waliitikia, wengine wakicheka.

"Umelala kama gunia!"

"Gunia!"

"Jua linakuchungulia!"

"Chungulia!"

Sauti ile ilikuwa imelala tangu mwaka tisini. Mwaka huo alikuwa kuruta Mafinga, jeshi la kujenga taifa, mwaka mzima kwa mujibu wa sheria kama wote waliomaliza kidato cha sita wakati ule. Baridi ya Mafinga iliwatoa vijana wa kiume machozi, na binti mmoja mwembamba kutoka Masasi ndiye aliyekuwa akiwaamsha kwa chenja, kombania nzima nyuma yake. Baadaye alisoma ualimu, akaolewa, akazaa, akazika, na hakuna hata siku moja alipomsimulia mtu habari hizo. Hata Gregori hakujua kwamba mkewe aliwahi kukimbiza watu mia na ishirini kwa sauti yake tu.

Kuanzia siku hiyo Gaspar alimpa zamu ya kupiga chenja wakati wa kurudi. Na hapo ndipo maisha ya Madam Eufrazia yalipobadilika, kwa mambo madogo madogo ambayo ukiyataja yanaonekana si kitu. Alianza kununua matunda kwa kuyachagua. Alianza kucheka darasani, jambo lililowatisha wanafunzi kwa wiki nzima. Jumatatu hadi Ijumaa alitunga mistari mipya huku akisahihisha madaftari, na Jumamosi aliifikisha barabarani, akasikia watu arobaini wakiirudisha kwake kwa nguvu zao zote. Alikuwa na furaha. Alishangaa kuiona imekuja na raba, tena katika umri ambao wenzake walikuwa wanaulizana dawa za miguu.

Aliyekuwa hafurahii ni Jesca.

Jesca alikuwa karani katika kampuni ya bima mjini, binti mzuri, mpole, mwenye kujali sana macho ya watu. Alikuwa amechumbiwa na Erasmus, kijana wa Kihaya, mtoto wa mzee Theonest wa Kinyerezi. Hao walikuwa watu wa taratibu. Kila jambo la posa lilipitia kwa mshenga, kila salamu ilikuwa na mpangilio wake, na upande wa Eufrazia nao haukuwa nyuma. Kwao, mama wa binti hakanyagi kwa wakwe kabla barua haijapokelewa, hata kama wanakaa mtaa wa pili. Ndiyo maana Eufrazia alikuwa hajawahi kumwona mzee Theonest, wala kuijua nyumba yake, isipokuwa kwenye picha ya simu aliyoonyeshwa na Jesca: geti la bluu lenye maua mawili ya chuma.

Barua ilipangwa kuletwa Jumamosi, saa nane mchana.

"Mama," Jesca alimwambia wiki moja kabla, wakiwa jikoni, "nakuomba kitu kimoja tu. Jumamosi hiyo usikimbie."

"Nakimbia asubuhi, mwanangu. Wageni wanakuja mchana."

"Najua. Ila nyie mnaendaga mpaka kule kwao. Watu wa Kinyerezi wakikuona na suruali, jasho linakutoka, unapiga makelele barabarani, halafu mchana ndiyo mama mkwe huyo! Mie nitaweka wapi uso wangu? Siku moja tu, mama."

Eufrazia alimtazama mtoto wake. Kilimuuma, na alikisikia kikimuuma, lakini siku moja si kitu. "Sawa. Nakuahidi sitakimbia."

Aliahidi kwa moyo safi, na angeitimiza ahadi ile kama Ijumaa jioni Tusajigwe asingekuja na uso uliokunjamana.

"Gaspar hana sauti," alisema kabla hata ya kukaa. "Mafua yamemkaba, anaongea kama jogoo aliyechinjwa nusu. Na kesho ndiyo wenyeji wetu wa Kinyerezi wanatusubiri."

Kwa vikundi vya jogging, kualikwa si mchezo. Kikundi mgeni lazima kiingie kwa wenyeji kwa chenja yake, mguu mmoja, sauti moja. Mkiingia kimyakimya mnachekwa mwaka mzima, mnapigwa picha, mnatungiwa nyimbo. Wenyeji wa Kinyerezi walikuwa na ngoma mbili na tarumbeta.

"Nimemwahidi mtoto," Eufrazia alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuomba, sijaja kukulazimisha." Tusajigwe alisimama, akajifunga upya kanga yake. "Ukishindwa, tutaingia tu hivyohivyo. Usilichukulie moyoni."

Alilichukulia moyoni. Alipika chakula cha kaka yake Augustine, aliyekuwa amefika na basi kutoka Masasi na gunia la korosho kwa ajili ya wageni, akamtandikia kitanda, akapiga pasi kitambaa cha kufunikia sinia la barua, na muda wote huo miguu yake ilikuwa inapiga hatua chini ya meza. Alijiambia kwamba Kinyerezi ni kubwa. Alijiambia kwamba geti la bluu atalijua, na akilikaribia atanyamaza, atainamisha kichwa, atapita katikati ya kundi kama mtu yeyote. Tusimfiche: ahadi aliivunja, na aliivunja akijua anachofanya. Alfajiri alitoka na raba mkononi, akazivaa nje ya geti ili asimwamshe mtu.

Na walikimbia siku hiyo! Walipita Segerea jua likianza kupanda nyuma ya nyaya za umeme, njano tupu, vumbi kwa nyuma, wauza maandazi wakisimama na makoleo mikononi kuwatazama. Eufrazia alikuwa mbele kabisa na filimbi ya Gaspar shingoni. Kila alipotupa mstari ulirudi mzito kuliko alivyoutupa. Magoti hakuyasikia. Alijisikia mrefu.

Walipoingia Kinyerezi alianza kutafuta geti la bluu. Aliona la kijani, la kijivu, la mabati, la mbao. La bluu hakuliona. Akapumua, akaona Mungu amemsaidia, akaachia ile chenja yenyewe, ya kuingilia kwa wenyeji.

"Baba mkwe, amka!"

"Amka!"

"Umelala kama gunia!"

"Gunia!"

Upande wa kushoto palikuwa na geti la rangi ya damu ya mzee, jipya linang'aa, harufu ya rangi mpaka barabarani. Mbele yake kwenye kiti cha plastiki alikaa mzee mwenye tumbo la kustaafu, singlendi nyeupe, mswaki mdomoni na povu kidevuni. Kando yake kijana alikuwa anaosha gari. Kijana aliinua kichwa, sifongo likadondoka.

Alikuwa Erasmus, aliyezoea kumsindikiza Jesca mpaka getini kwao. Na Erasmus, kwa malezi mazuri aliyopewa, alifanya kile ambacho mdomo wa mtoto wa watu hufanya wenyewe bila kuuliza akili.

"Shikamoo, mama!"

"Marahabaaa!" waliitikia watu arobaini kwa pamoja, wakidhani ni sehemu ya chenja.

Eufrazia alimwona mzee akitoa mswaki. Aliona kwenye geti lile maua mawili ya chuma, yamepakwa rangi pamoja na geti. Hakika, nani asiyepaka geti rangi akiwa na harusi mbele yake? Angeweza kunyamaza hapo. Lakini nyuma yake palikuwa na watu arobaini wenye mguu mmoja juu wakisubiri mstari, na ngoma za wenyeji zilishaanza kusikika kwenye kona. Mstari uliofuata ukatoka wenyewe.

"Jua linakuchungulia!"

"Chungulia!"

Waliingia kwa wenyeji kwa kishindo ambacho Kinyerezi ilikizungumzia wiki nzima. Eufrazia alishangiliwa, akakumbatiwa, akapewa maji. Alikunywa maji yale na hakujua yana ladha gani.

Saa tatu na nusu alipofika nyumbani, Jesca alikuwa amesimama mlangoni na simu. Hakuwa analia tena, alishamaliza.

"Erasmus kapiga," alisema. "Baba yake kamwuliza yule mama ni nani. Yeye kashindwa kusema, kaingia ndani. Mama, uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Umemwimbia baba mkwe wangu kwamba ni gunia."

Augustine, aliyekuwa anakunywa chai ukumbini, alifunga mdomo kwa kiganja. Haikujulikana ni kwa mshtuko au kwa jambo jingine.

Eufrazia alivua taulo shingoni. "Jesca, nisikilize. Nimekuahidi nimevunja, na hilo nakuomba radhi, mwanangu, kwa moyo wote. Nimekosea. Lakini radhi hiyo ni ya ahadi. Ya kukimbia siombi."

Jesca aliingia chumbani akafunga mlango.

Augustine aliweka kikombe chini. Kwao Masasi mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na posa hii aliisimamia yeye. "Dada, hili dogo," alisema. "Wakiuliza, tunasema yule ni mdogo wako. Mmefanana. Erasmus naye atasema alichanganya. Kwisha."

"Sina mdogo wa kike, kaka."

"Leo unaye."

Eufrazia alitazama mlango wa chumba cha Jesca uliofungwa. "Sawa," alisema, akaenda kuoga.

Saa nane kamili wageni walibisha hodi. Walikuwa watano, wakiongozwa na mshenga, mzee Kasimiri, mtu mwembamba mwenye koti kubwa kuliko mwili wake na sauti kubwa kuliko koti. Pamoja naye alikuja bibi Apolonia, dada yake mzee Theonest, mama mzito asiyecheka ovyo. Walikaribishwa, wakapewa juisi ya ukwaju, korosho na vitumbua. Eufrazia na Jesca, kama taratibu zinavyotaka, walikaa chumbani nyuma ya pazia wakisubiri kuitwa. Jesca alikuwa na gauni la kitenge cha zambarau. Walisikiliza.

"Wenyeji wetu," alianza mzee Kasimiri baada ya salamu zilizochukua robo saa, "barua hii hapa. Lakini kabla sijaiweka kwenye sinia lenu, mzee wetu Theonest kanipa swali. Asubuhi ya leo kuna msafara ulipita mbele ya geti lake. Mbele alikuwepo mama mmoja, anaongoza. Kijana wetu kamwamkia, 'shikamoo, mama'. Mzee anauliza, yule mama ni nani?"

Augustine alikohoa.

"Yule… yule ni mdogo wake mama wa binti. Wamefanana mno, hata sie wenyewe huwa tunachanganya. Sasa yule, ndugu zangu, yupoyupo tu. Hajatulia. Makelele, mbio, ndiyo zake. Mama wa binti mwenyewe ni mtu wa heshima, kashinda ndani tangu jana anaandaa mapokezi yenu."

Nyuma ya pazia Eufrazia alisikia maneno hayo moja baada ya jingine, na kila moja lilimchukulia kitu. Makelele amepewa mdogo wake. Mbio amepewa mdogo wake. Asubuhi zote zile za Jumamosi, jasho, sauti za watu arobaini, kicheko cha darasani, vyote amepewa mwanamke ambaye hakuzaliwa, na yeye ameachiwa jiko. Alimwonea wivu mdogo wake huyo. Kisha akakasirika, na hasira ile ilikuwa tamu kwa namna fulani, maana ilimwonyesha jinsi anavyovipenda vile vitu.

Alisimama. Jesca alimshika pindo la kitenge. Walitazamana, mama na mtoto, kwa muda ambao mtu angeweza kusema sala fupi. Uso wa Jesca ulikuwa unaomba, halafu taratibu ukawa unatazama tu, kama mtu anayemwona mwenzake akirudi kutoka safari ndefu. Akaachia pindo.

Eufrazia alifungua pazia akatoka bila kuitwa.

"Kaka Augustine, nisamehe. Wageni, nisameheni na nyie. Sina mdogo wa kike. Aliyekuwa mbele asubuhi ni mimi."

Bibi Apolonia aliweka glasi mezani bila kumwondolea macho.

"Nina miaka hamsini na minne," Eufrazia aliendelea. "Nakimbia kila Jumamosi. Siibi, silewi, sikumtukana mtu kwa kukusudia. Miaka sita tangu mume wangu anitoke nilikuwa naamka kwa sababu kumekucha. Mwaka huu naamka kwa sababu nataka kuamka. Mkimchukua binti yangu, mchukueni mkijua mama yake ni yupi, asije akaishi kwenu na mama wa kutunga. Mkiona haifai, barua bado mnayo mkononi, na wala hatutagombana. Vitumbua mtamaliza."

Mzee Kasimiri aliizungusha bahasha vidoleni. "Mama, ulipita kambi gani?"

"Mafinga. Mwaka tisini."

"Mzee wetu alipita Makutupora, themanini na mbili." Alimgeukia bibi Apolonia kama anayeomba ruhusa, bibi akaitikia kwa kichwa. "Basi swali lenyewe hasa ni hili, na nimeambiwa nisiweke barua mpaka nipate jibu. Mzee anasema chenja ile ina ubeti wa mwisho. Kausubiri pale getini, hakuusikia. Kainuka kwenye kiti, kafuata msafara mpaka kwenye kona na mswaki mdomoni, mtu ambaye tangu astaafu hajanyanyuka pale kabla ya chai. Hakuusikia. Kakasirika sana. Anauliza, kwa nini ubeti wa mwisho umerukwa?"

Eufrazia alinyoosha shingo. "Mwambieni sikuusahau. Nimeuacha kwa heshima yake. Ubeti ule hauimbwi mbele ya wakwe."

Wa kwanza kuvunjika mbavu alikuwa mzee Kasimiri, kwa maana naye alipita kambini na ubeti ule aliujua. Alicheka koti likamteleza begani. Wageni wengine wakafuata, Augustine akakamata ukuta, korosho zikamwagika. Hata bibi Apolonia mdomo wake ulicheza, ingawa aliurudisha upesi mahali pake.

Barua ikawekwa kwenye sinia. Kilichobaki ni binti kuitwa aseme kwa kinywa chake kama anawafahamu wageni, na kama ipokelewe. Jesca alitoka na kupiga magoti kwenye mkeka kama alivyofundishwa. Aliulizwa na mjomba wake, akajibu kwa sauti ndogo kwamba anawafahamu, na barua ipokelewe.

"Bado," alisema bibi Apolonia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. "Sie kwetu mtoto hujitambulisha mwenyewe kwa watu wake wapya. Ameshasemewa sana leo. Sema, binti. Wewe ni mtoto wa nani?"

Jesca aliinua uso. Eufrazia alikuwa amesimama pale pale kando ya pazia, mikono imeshikana mbele, na moyo wake ulikuwa unaenda mbio kuliko asubuhi.

"Baba yangu ni marehemu Gregori," Jesca alisema. "Lakini kwetu kusini, bibi, mtoto ni wa mama." Akageuka akanyoosha mkono kuonyesha, na sauti yake, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda, ikajaa chumba chote mpaka barazani. "Mimi ni mtoto wa huyo hapo. Aliyekuwa mbele."